Indri ana sauti, kuvumwani haina: nani alipe ili wote wabaki?

Familia moja ya indri ikianza kuimba asubuhi katika misitu ya Andasibe, mashariki mwa Madagaska, familia nyingine hujibu kutoka kilima cha pili, na sauti hizo husafiri kilomita mbili na zaidi juu ya miti. Mwaka 2021 watafiti walichapisha matokeo yanayoonesha kwamba nyimbo hizo zina mapigo yenye mpangilio wa aina tunayoisikia katika muziki wa binadamu. Indri ni miongoni mwa lemuri, wanyama wa Madagaska walio jamaa wa mbali wa nyani, na ni mmoja wa wakubwa kabisa waliobaki duniani. Uzito wake hufika kilo 9, manyoya yake ni meusi na meupe, mkia wake ni mfupi hata hauonekani vizuri, na anaweza kuruka karibu mita 10 kutoka shina moja hadi jingine. Watalii hutoka mbali na kulipa fedha nyingi ili wasimame chini ya mti wamsikilize.

Katika jimbo la Derbyshire, Uingereza, kipo kijito kinachopita kwenye mawe ya chokaa, na wataalamu wa mimea hawapendi kutangaza kilipo. Juu ya mawe hayo umeota mmea wa jamii ya kuvumwani, ile mimea midogo ya kijani, isiyo na maua wala mizizi ya kweli, inayofunika mawe na magome yenye unyevu. Jina lake la kisayansi ni Thamnobryum angustifolium. Koloni lake kuu linafunika takriban mita 3 za mraba, yaani eneo la kitanda cha futi tano kwa sita. Haujulikani kuota mahali pengine popote duniani. Maji ya kijito yakichafuliwa, au chemchemi ikikauka kwa misimu kadhaa mfululizo, basi.

Viumbe hawa wawili wako ukingoni. Mara nyingi mazungumzo ya uhifadhi huwapanga viumbe namna hii, ubavu kwa ubavu, kisha yakauliza: fedha zikiwa chache, tumwokoe yupi? Jibu hutoka upesi. Indri, bila shaka. Ana uso, ana mikono, anambeba mtoto mgongoni. Kizuri chajiuza. Mimi nadhani jibu hilo hutoka upesi kwa sababu swali lenyewe limeacha nje jambo zito kuliko yote, nalo ni hili: gharama ya kumwokoa kila mmoja inatoka mfukoni mwa nani?

Kabla ya kufika huko, ni haki kuipima hoja yenye nguvu zaidi upande wa indri. Indri anahisi maumivu. Akinaswa mtegoni anahangaika, anaogopa, na mtoto aliyemng'ang'ania huachwa bila wa kumlisha. Kuvumwani haina neva, haiogopi chochote. Kwa hiyo mtu anayemuua indri anatenda ubaya ambao mtu anayekanyaga kuvumwani hautendi. Nalikubali hilo bila kusita. Lakini hoja hiyo ina mahali inapokoma. Anayeumia ni indri huyu au yule, mwenye mwili wake mwenyewe. Spishi, yaani aina nzima ya kiumbe, haina mwili wa kuumia. Siku indri wa mwisho akifa usingizini kwa uzee, hakutakuwa na maumivu mapya duniani, na bado tutakuwa tumepata hasara kubwa mno. Hasara ya siku hiyo ni ya aina ile ile tutakayoipata kijito cha Derbyshire kikiharibiwa: namna moja ya kuishi, iliyojengeka kwa muda mrefu kupita historia yote ya binadamu, itakuwa imefungwa na haitafunguka tena. Huruma inatukataza kuwinda na kutesa. Haitupi orodha ya spishi zinazoruhusiwa kutoweka.

Wengine huepuka suala la maumivu na kuchukua kipimo cha ukoo: tuokoe kwanza kile ambacho hakina ndugu wa karibu. Kwa kipimo hicho indri anashinda kwa mbali, maana ndiye spishi pekee iliyo hai katika jenasi yake, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu. Ule mmea wa Derbyshire una binamu, Thamnobryum alopecurum, aliyeenea sehemu nyingi za Uingereza na Ulaya. Lakini hebu tubadilishe kuvumwani tunayoilinganisha. Katika milima ya Himalaya na uwanda wa Tibet huota Takakia, jenasi yenye spishi mbili tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba ukoo wake una umri wa miaka milioni 390 hivi. Ulikuwepo kabla ya dinosauri, kabla ya maua ya kwanza, kabla hata ya milima ya Himalaya kuinuka. Watafiti hao walikuta pia kwamba Takakia inapungua kadiri uwanda ule unavyopata joto. Mbele ya ukoo huo, lemuri wote kwa pamoja ni watoto wa jana. Wazazi wao walivuka bahari kutoka bara letu la Afrika makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, na spishi zote zaidi ya 100 tulizonazo leo zilichipuka kisiwani baada ya hapo. Kipimo ni kile kile, mshindi amebadilika. Anayetumia kipimo cha ukoo kuhalalisha mapenzi yake kwa wanyama wenye manyoya, ajiandae kukifuata hadi Tibet.

Kuna tofauti moja kati yao ambayo naiona ya kweli, na haihusu thamani hata kidogo. Inahusu namna ya kuokoa.

Kuvumwani ina uwezo wa ajabu. Kipande cha jani lake, kikipata unyevu na mwanga, kinaweza kuotesha mmea mzima. Mwaka 2014 wanasayansi walieleza jinsi walivyotoa kuvumwani iliyoganda barafuni kwa zaidi ya miaka 1,500 katika kisiwa cha Signy, Antaktika, wakaiweka kwenye mwanga na joto, nayo ikaanza kuota upya. Bustani ya Kew, London, imewahi kuhifadhi kuvumwani adimu za Uingereza katika nitrojeni ya kimiminika ili ziwe akiba. Nisieleweke kwamba chupa ya maabara ni sawa na kijito. Lakini ni njia ya pili pale ya kwanza inapofungwa.

Indri hana njia ya pili. Majaribio ya kumfuga hayakufanikiwa. Anakula majani machanga, mbegu na matunda ya miti mingi ya msituni, na hadi leo hakuna indri wanaozaliana katika bustani za wanyama ambao wangeweza kurudishwa porini. Jike huchukua miaka saba au zaidi kabla ya kuzaa mara ya kwanza, na baada ya hapo huzaa mtoto mmoja kila miaka miwili au mitatu. Kikundi kikipoteza jike mmoja aliyekomaa, pengo lake halizibiki kwa haraka. Maana yake ni kwamba indri anaokolewa kwa msitu tu. Na msitu ni ardhi, na ardhi ya mashariki mwa Madagaska ina wenyewe.

Wenyewe ni wakulima. Wengi wao ni Wabetsimisaraka, na kilimo chao cha mlimani kinaitwa tavy: kufyeka kipande cha msitu, kuchoma, kupanda mpunga wa mvua, kisha kukiacha kipumzike na kuhamia kingine. Watu wakiwa wachache na ardhi kubwa, kilimo hicho kiliacha muda wa msitu kurudi. Siku hizi mapumziko yamefupika, udongo umechoka, na kila mwaka ukingo wa msitu unasogea. Nimesoma makala nyingi zinazomchora mkulima huyu kama adui wa lemuri, na zinanikera. Kwa vizazi vingi jamii za huko zimemheshimu indri, wanayemwita babakoto, kwa miiko waliyorithi: kumuua ni fady, jambo lililokatazwa na mababu. Hadithi kadhaa zinamfanya ndugu wa binadamu, mmoja akabaki msituni na mwingine akatoka kulima. Indri walioko leo wapo kwa kiasi kikubwa kwa sababu watu hao walikataa kuwala kabla ya wataalamu wa kigeni kufika na daftari zao. Mwiko huo umelegea sehemu nyingi, kwa njaa, kwa wageni wanaofuata dhahabu na kazi za migodi, na kwa soko la nyama ya porini. Baada ya serikali kupinduliwa Machi 2009, wafadhili walisimamisha misaada, magogo ya thamani yakachotwa hadharani katika hifadhi za kaskazini mashariki, na picha za lemuri waliobanikwa kwa mafungu ili wauzwe zikazunguka dunia. Ulinzi uliosimama juu ya fedha za nje pekee ulianguka ndani ya miezi michache.

Hapa ndipo hesabu ya nani analipa inapotisha. Mwaka 2003, katika mkutano wa dunia wa hifadhi uliofanyika Durban, Rais Marc Ravalomanana aliahidi kuongeza maeneo ya hifadhi ya Madagaska kutoka hekta milioni 1.7 hadi milioni 6. Alipigiwa makofi, na ilikuwa ahadi kubwa kweli. Kati ya maeneo yaliyofuata ni ukanda wa msitu wa Ankeniheny na Zahamena, mmoja wa makazi muhimu ya indri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bangor na wenzao wa Antananarivo walichunguza huko athari za vikwazo hivyo kwa wakazi, na matokeo yao ya mwaka 2018 yanauma: gharama kwa kaya za pembezoni mwa msitu zilikuwa kubwa zikilinganishwa na kipato chao duni, fidia haikuwafikia wengi waliostahili, na kwa waliofikiwa haikutosha. Maskini wa dunia walikuwa wanalipia sauti ya indri kwa chakula cha watoto wao, na wasikilizaji wa sauti hiyo walikuwa wanalipa tiketi ya hifadhi tu.

Sasa rudi Derbyshire. Mmea ule unalindwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 ya wanyamapori na mazingira ya vijijini. Kuung'oa kwa makusudi ni kosa. Kinachotakiwa ni maji safi, kivuli, na watu wasiuchune kwa ajili ya makusanyo yao. Hakuna familia inayolala njaa ili kuvumwani hiyo ibaki. Nchi tajiri inalinda kitu kidogo ndani ya mipaka yake kwa gharama ambayo haihisiwi na yeyote. Ukilinganisha bei za uokoaji peke yake, utasema basi indri ni ghali, kuvumwani ni nafuu. Ni hesabu potofu. Indri amekuwa ghali kwa sababu bili yake imepelekwa kwa mtu asiye na kitu, na mtu asiye na kitu hawezi kuilipa kwa muda mrefu hata akitaka.

Na unafuu wa kuvumwani una hatari yake. Kitu kisichogombewa hakina mlinzi. Miaka ya 1860, karibu na mji wa Belleville, Ontario, Kanada, mtaalamu John Macoun aliokota kuvumwani ambayo baadaye ilipewa jina Neomacounia nitida. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa 1864. Miti ya eneo lile ilikatwa, mmea haukupatikana tena, na leo umo katika orodha ya spishi zilizotoweka. Hakuna aliyepinga ukataji ule kwa ajili yake. Hata leo, wakati karibu mamalia wote wanaojulikana wameshapimwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kwa ajili ya Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini, ni sehemu ndogo tu ya spishi 12,000 hivi za kuvumwani zilizopimwa. Mwaka 2020 tuliambiwa kwamba spishi 103 kati ya 107 za lemuri ziko hatarini, 33 kati ya hizo zikiwa katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Ni takwimu ya kuogofya, lakini angalau ipo. Kwa kuvumwani za Afrika hatuna hata hesabu ya kutuogofya.

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kuona haya yote ni mambo ya Madagaska na ya Wazungu. Afungue bomba lake. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka mto Ruvu, na matawi muhimu ya mto huo yanashuka kutoka milima ya Uluguru. Kule juu, kwenye vilele kama Bondwa, kuna msitu wa miti mifupi iliyopinda ambayo karibu kila tawi lake limevikwa kuvumwani. Miaka ya 1970 Tamás Pócs, mtaalamu wa mimea kutoka Hungaria aliyefundisha Morogoro, alipima mimea hiyo inayoishi juu ya miti. Akakuta kwamba katika msitu wa kilele uzito wake mkavu unafika takriban tani 14 kwa hekta, na kwamba mvua moja nzito inaweza kuacha maelfu mengi ya lita za maji kwenye hekta moja ya mimea hiyo, yakadondoka polepole badala ya kuporomoka na udongo. Hata mvua isiponyesha, ukungu ukipita, kuvumwani zinaukamata. Mto unaotiririka hadi mwisho wa kiangazi unadaiwa na vimea ambavyo wengi wetu hatujawahi kuvitazama mara mbili.

Huku Uluguru kuvumwani inafanana na indri kuliko inavyofanana na ndugu yake wa Derbyshire. Nayo inahitaji msitu mzima, juu ya mlima wenye watu. Waluguru wanalima miteremko mikali, mashamba ni madogo, na tangu msitu ule ulipotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, mipaka imekazwa. Mwenye shamba Kibungo, huko mlimani, akizuiwa kupanda juu zaidi, faida inashuka hadi Kinondoni na Temeke jijini, na hasara inabaki Kibungo. Ni mpangilio ule ule wa Ankeniheny, pasipo lemuri hata mmoja wa kupigwa picha.

Tuliwahi kujaribu kuurekebisha. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha Uluguru mradi wa malipo ya huduma za maji: wakulima wa mlimani walilipwa kwa kutengeneza matuta, kupanda miti na kuacha kilimo kinachomwaga udongo mtoni, na miongoni mwa walioahidi kuchangia kama wanufaika wa maji walikuwa DAWASCO, shirika lililosambaza maji Dar es Salaam wakati huo, na kampuni ya Coca-Cola. Wazo lilikuwa sahihi. Lilibaki kuwa mradi, lenye muda wake na wafadhili wake, wala halikugeuka kuwa utaratibu wa kudumu wa bili ya maji ya jiji zima.

Msimamo wangu basi ni huu, na najua utawaudhi baadhi ya watu ninaowaheshimu katika uhifadhi. Sitachagua kati ya indri na kuvumwani, kwa sababu hakuna mahali ninapoona fedha za mmoja zikinyang'anywa mwingine kweli. Indri wa Andasibe hatakufa kwa sababu mtu alitumia pauni kadhaa kulinda kijito. Atakufa msitu ukiisha, na msitu utaisha ikiwa mkulima anayeishi kando yake ataendelea kuwa mtu wa mwisho kufikiwa na fedha zinazokusanywa kwa jina la mnyama huyo. Kila tiketi ya hifadhi, kila mauzo ya hewa ya ukaa, kila mchango unaoombwa kwa picha ya indri ungepaswa kuonyesha hadharani ni kiasi gani kimefika katika kaya zinazopakana na msitu, kijiji kwa kijiji. Hifadhi isiyoweza kutoa hesabu hiyo isisifiwe, hata kama indri wake bado wanaimba.

Kwetu mambo mawili yanawezekana bila kusubiri mkutano wa kimataifa. La kwanza ni watu. Sampuli nyingi alizokusanya Pócs zimehifadhiwa Eger, Hungaria. Tunahitaji Watanzania wachache waliosomea kuvumwani na kulipwa kuzisomea, wapande Uluguru, Usambara na Udzungwa watuambie nini kipo na nini kimepungua tangu vipimo vile vya miaka ya 1970. Idara za botania za Dar es Salaam na Morogoro zinaweza kuanza na wanafunzi wawili kila mwaka. La pili ni bili. Kiasi kidogo kwa kila uniti ya maji inayouzwa Dar es Salaam, kikitengwa kisheria na kupelekwa moja kwa moja katika vijiji vya vyanzo vya Ruvu, kingewafikia wakulima kila mwezi, mradi uwepo au usiwepo. Bodi za maji za mabonde tayari zipo kisheria, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ina ofisi zake Morogoro, chini ya milima hiyo hiyo. Kinachokosekana ni mstari mmoja katika bili, na mbunge wa jijini aliye tayari kusimama kuutetea mbele ya wapiga kura wake.